Mgeni Aliyesingiziwa: Kisa cha Kompyuta Iliyozimia Nakuru

Wazee wetu wa pwani waliponena "mgeni njoo, mwenyeji apone", wengi wetu tuliichukua methali ile kuwa ni ya sahani na kitoweo. Mgeni akibisha hodi kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akilalia muhogo mkavu naye hupata mchuzi. Lakini iko maana ya pili, nayo ni hii: yuko mgeni ambaye kwa kuja kwake tu humfichulia mwenyeji ugonjwa aliokuwa nao miaka na miaka bila ya kujijua. Maana hiyo sikuionja barabara mpaka nilipokwenda Nakuru kumtazama mpwa wangu, nikakuta mgeni mmoja wa chuma na waya amelaumiwa, ametukanwa, na karibu kutupwa jaani, hali ya kuwa hana kosa lolote.

Naandika kisa hiki kwa sababu mbili, wasomaji wapenzi. Ya kwanza ni kwamba vijana wetu wengi siku hizi wanakula kwa kompyuta, wakiwemo wa Mombasa, Malindi na Lamu, na balaa lililompata mpwa wangu laweza kumpata yeyote kati yao. Ya pili nitaisema mbele, maana yahusu sauti ya mama yangu.

SAFARI YA BARA

Nilishuka Nakuru siku ya Jumatano, alasiri. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita kama 160. Gari huteremka Bonde la Ufa, likapita chini ya mlima Longonot, likapita Naivasha na Gilgil, kisha ziwa la Elementaita likachungulia upande wa kushoto. Mji wenyewe uko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliozoea kulala kwa shuka moja huko hujifunika mablanketi mawili na bado tukatetemeka. Siku hizi Nakuru ni jiji: tarehe 1 Desemba 2021 ulikabidhiwa hati yake, ukawa wa nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu. Ameolewa huko, naye ana chumba cha kazi ghorofani, hatua chache kutoka mtaa wa Bondeni. Kazi yake ni kutengeneza picha za sinema za harusi. Wapigaji picha humletea vipande vilivyotawanyika, yeye huvipanga, huvikata, huvitia rangi na nyimbo, mpaka bibi harusi akijitazama akalia kwa furaha. Ni riziki ya halali na ni kazi ya jasho, ingawa jasho lake halionekani shatini.

Sasa kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuungwa na mafundi, kipande hapa na kipande pale, nayo ilikuwa imechoka. Sinema ya saa moja ilikuwa ikimchukua usiku kucha. Basi akajinyima, akaweka akiba, akanunua Nairobi kile kitu ambacho mafundi hukiita kadi ya grafiki, na mimi nitakiita kadi ya picha.

Kwa yule asiyeijua, kadi ya picha ni kipande ambacho kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Si kitu kipya. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 iliuzwa na kadi za namna mbili: moja ya maandishi matupu, na nyingine ya rangi, ambayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu na iliweza kuonyesha rangi nne kwa wakati mmoja katika picha za nukta 320 kwa 200. Kadi aliyoinunua mpwa wangu ilikuwa na gigabaiti 6. Ukifanya hesabu utaona kuwa kumbukumbu hiyo ni zaidi ya mara 390,000 ya ile ya mwaka 1981. Lakini mwenye nguvu nyingi hula kwingi, na hapo ndipo pana kisa chetu.

MASHINE YAZIMIA

Usiku ule ule wa Jumatano, baada ya sala ya isha, mpwa wangu alifungua kompyuta yake, akaichomoa kadi ya zamani, akaitia mpya. Mimi nilikuwa nimekaa kando na kikombe cha chai ya tangawizi, nikimtazama kama anayetazama fundi saa. Akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, jina la kiwanda likatokea kwenye skrini, kisha vile vinukta vya Windows vikaanza kuzungukana kama watoto wachezao. Hamadi! Skrini ikawa nyeusi tititi. Mara mashine ikajiwasha upya yenyewe. Jina, vinukta, giza. Jina, vinukta, giza. Mara ya nne ikaleta ukurasa wa buluu kusema kuwa imeshindwa kuanza na yataka kutengenezwa.

"Mjomba, imekufa," akasema.

"Haijafa, mwanangu. Imezimia."

Nilisema hivyo kumtuliza tu, wala sikuwa na elimu ya kauli yangu. Alikuwa na haki ya kuhangaika. Harusi moja ilikuwa inangojwa Jumamosi, wenyewe wamekwisha lipa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo kodi ya chumba. Akikosa siku, hurudisha fedha, na sifa ikaharibika mjini.

Alhamisi asubuhi tuliibeba mashine mpaka kwa fundi mmoja. Fundi yule aliiwasha mara moja, akaitazama ikizimika, akatoa hukumu papo hapo bila ya kufungua hata msumari mmoja. "Kadi hii ni feki. Na hiyo Windows imekwisha haribika. Tufute diski yote, tuanze upya, jioni mtachukua."

Nikamwona mpwa wangu anataka kukubali. Vipande vya harusi bado vilikuwa katika kadi za kamera, kwa hivyo kazi ya mteja ilikuwa salama hata diski ikifutwa. Lakini mimi moyo ulinipasuka, maana nilijua kuna kitu kingine ndani ya diski ile.

Marehemu mama yangu alikuwa na tenzi kifuani. Hakuwa msomi wa shule; alisoma chuoni kama tulivyosoma sisi, kisha akahifadhi kwa masikio alichosikia kwa mama yake. Kati ya mwaka 1994 na 1996 nilikuwa nikikaa naye barazani baada ya alasiri na redio ya kaseti, nikamrekodi akighani. Zilikuwa kanda 11 za dakika tisini tisini. Alipofariki mwaka 2009 kanda zile nilizifungia katika sanduku la bati, na joto la pwani na unyevu wake likazila pole pole. Mwaka uliopita nikampelekea mpwa wangu azihamishe kwenye kompyuta. Nikamwambia hii ni amana, naye akanambia, "Mjomba, usiwe na shaka."

Basi nikamvuta kando ya mlango wa duka, nikamwuliza, "Na kanda za bibi yako?"

Akanyamaza kidogo. "Kanda tutazirudia, Mjomba."

"Zote zi hai?"

Ndipo machozi yakamtoka. Kanda mbili, akasema, zilikatika vipande baada ya kuzicheza mara ile ya kwanza. Utepe ulikuwa umeshikana na ukararuka. Hakuthubutu kunieleza. Sauti iliyokuwamo ndani ya kanda hizo mbili haikuwa mahali popote duniani isipokuwa katika diski ile ambayo fundi alikuwa tayari kuifuta kabla ya kunywa chai yake.

Sikumkaripia. Nilimwambia tuchukue mashine yetu tukatafute fundi mwingine.

FUNDI WA PILI

Fundi wa pili tulimpata katika kichumba ambacho watu wawili hawawezi kupishana. Ni kijana wa pale pale Nakuru, mpole wa maneno. Mpwa wangu akamhadithia yote, akamalizia kwa kusema, "Labda ni kweli kadi hii ni mbaya. Kabla haijaja, mashine ilikuwa nzima."

Kijana akatabasamu, lakini si tabasamu la furaha. Akanigeukia mimi. "Mzee, hapa Nakuru tunajua habari ya mtu kuambiwa wewe ndiye mbaya kwa sababu umekuja juzi." Akatueleza kuwa mwezi wa Januari 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoingia Nakuru, yeye alikuwa na miaka minane, na yeye na mama yake walilala katika uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu waliofukuzwa makwao. Waliambiwa ni wageni, naye amezaliwa humu humu. "Ngoja tuipime kwanza," akasema. "Ikiwa ina kosa, kosa litaonekana."

Msomaji, maneno yale yalinirudisha chuoni. Mwalimu wetu hakumpiga mtoto kwa kusikia tu kwamba amekosa. Alimwita, akamsomesha upya kuanzia mwanzo wa aya, mpaka mahali pa kosa pakajitokeza penyewe. Na dini yetu imetuhimiza kubainisha habari kabla ya kuhukumu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Jambo la kwanza alilofanya kijana yule halikuwa kutengeneza. Aliichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa waya, akamwambia mpwa wangu amwonyeshe faili za bibi. Zilikuwa kama gigabaiti 10, kwa kuwa kanda moja ya dakika tisini, ikihamishwa bila ya kubanwa, hula karibu megabaiti 950. Akazinakili kwenye diski ya nje, kisha akazinakili tena kwenye flashi niliyoinunua duka la jirani. Alipomaliza akafungua moja kuijaribu, na katika kichumba kile cha Nakuru, kati ya makelele ya matatu na wapiga debe, nikamsikia mama yangu akikohoa kidogo kama alivyozoea kabla ya kuanza kughani. Nilitoka nje nikasimama kwa muda.

Niliporudi alikuwa amekwisha anza upelelezi. Kanuni yake ilikuwa moja: kubadili kitu kimoja tu kwa mara moja, ili jibu likija ujue limetoka wapi. Kama chuoni: alifu kwanza, ndipo be. Anayebadili vitu vitatu pamoja, mashine ikipona hajui dawa ni ipi, na ikizidi hajui sumu ni ipi.

Kwanza aliirudisha diski, akaichomoa kadi mpya, akaunga skrini kwenye tundu la ubao mkuu wenyewe, kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa na uwezo wake mdogo wa picha bila ya kadi. Mashine ikaanza bila ya matata. Kwa jaribio hilo moja ilijulikana kuwa Windows ilikuwa nzima na diski ilikuwa nzima. Kumbe tungeifuta bure!

Pili, akaitia kadi mpya tena, akaisukuma mpaka kishikizo kikalia, akawasha. Giza. Akawasha kwa ile njia iitwayo hali salama, ambayo Windows huanza na vitu vichache tu vya lazima. Mashine ikasimama imara, robo saa nzima.

Hapo mpwa wangu akadhani jawabu limepatikana: ni draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, kwa sababu katika hali salama draiva ile haiamshwi. Na kweli, mabaki ya draiva ya kadi ya zamani hugombana na kadi mpya mara nyingi. Kijana akakubali kuwa ni shaka ya haki. Akakata intaneti ili Windows isijiletee draiva yenyewe, akayafagia mabaki yote ya zamani, akaweka draiva mpya kutoka kwa wenye kadi. Ilipofika katikati ya kazi, skrini ikapepesa mara moja, na giza likarudi.

Tatu, akaichukua kadi ile, mgeni aliyeshutumiwa, akaitia katika kompyuta yake mwenyewe. Akaifanyisha kazi ngumu ya kuchora kwa saa nzima. Haikutetereka. Mshtakiwa akaachiliwa huru.

SANDUKU LA UMEME

Ilikuwa karibu na maghribi alipomulika tochi ndani ya mashine, kwenye kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Mafundi hukiita pawasaplai. Nje kilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa wati 300. Lakini kijana akatusomea herufi ndogo. Kadi ya picha hula umeme wa volti 12, na kwa njia hiyo ya volti 12 kisanduku kile kilikuwa na ampia 16 tu. Kumi na mbili mara kumi na sita ni wati 192.

"Sasa tuhesabu walaji," akasema. Ubongo wa mashine, yaani prosesa, wati 65. Kadi mpya, wati 120. Jumla 185. Zimebaki wati saba za feni, diski na ubao mkuu. Na hesabu hiyo ni ya kisanduku kilipokuwa kipya. Hiki kilikuwa na miaka minane, kimepigwa na kila kukatika kwa umeme kulikopita, na mmoja wao ni ule wa usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, uliotia giza karibu nchi nzima. Ajabu ya mambo ni kwamba Nakuru iko katika kaunti ile ile yenye mvuke wa Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 joto la ardhini limekuwa likigeuzwa umeme. Lakini kukaa karibu na kisima si kuhakikishiwa maji.

Hapo fumbo likafumbuka, nami nitalieleza kama nilivyoelezwa. Kadi ya picha inapoanza, kabla draiva haijaamka, hufanya kazi ndogo tu na hula kidogo. Ndiyo maana jina la kiwanda lilionekana, na ndiyo maana hali salama ilisimama. Draiva inapoamka, kadi hupiga mwayo mmoja mkubwa. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho inaweza kudai umeme mwingi kuliko hata ule ulioandikwa katika karatasi yake. Kisanduku imara huvumilia. Kisanduku kongwe hushindwa, ama volti huanguka, ama hujizima chenyewe kwa kujikinga. Mashine ikafa pale pale. Hata daftari la matukio la Windows lilikuwa limeandika kosa namba 41, ambalo maana yake ni kuwa mashine ilizimika bila ya kuagwa. Daftari halikusema kwa nini. Lilisema tu kwamba ilizimika ghafla.

Na juu ya hilo palikuwa na kosa la pili. Kadi ya zamani ilikuwa ikila katika tundu lake tu, ambalo kwa kanuni hutoa wati zisizozidi 75. Kadi mpya ilitaka waya wa ziada wenye pini sita, unaoweza kuongeza wati 75 nyingine. Kisanduku cha zamani hakikuwa na waya huo, basi mpwa wangu aliuziwa kiunganishi cha bei rahisi kinachochukua umeme kutoka waya wa diski. Waya wa diski umetengenezwa kwa ampia nne na nusu katika volti 12, yaani wati 54. Kijana akakichomoa kiunganishi kile akatuonyesha: plastiki yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia. "Hii ingeendelea," akasema, "msingepoteza kompyuta peke yake."

Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, tulimkuta ameazima kisanduku cha wati 550 chenye waya wake halisi wa kadi. Akafunga. Akawasha. Jina, vinukta, kisha ukurasa wa kazi ukatokea kama alfajiri. Akazima, akangoja ipoe, akawasha tena, mara kumi kwa hesabu. Mara zote kumi ikasimama. Mpwa wangu akalipa shilingi 6,500 za kisanduku kama kile na ujira wa fundi juu yake. Usiku ule harusi ilipikwa kwa saa moja na nusu badala ya usiku mzima, na Jumamosi asubuhi wenyewe wakachukua chao.

KWA WATAKAOPATWA

Nisingependa msomaji afikiri kuwa kila mashine inayozimia baada ya kutiwa kadi mpya ni ugonjwa wa kisanduku. Nilimwuliza kijana, akanipa mafunzo ambayo nayaleta kama yalivyo. Kwanza, nakili vitu vyako, hata kabla ya kufungua mashine. Pili, hakikisha kadi imekaa sawasawa na waya wake wa umeme umefika mwisho, na kwamba waya wa skrini umeunganishwa na kadi mpya, si tundu la zamani. Wengi wamedhani mashine imekufa kumbe wanatazama tundu lisilo na mtu. Tatu, kama mkono wako uligusa vipande vya kumbukumbu ulipokuwa ndani, vichomoe uvirudishe, maana kimoja kikilegea mashine hukataa kuanza. Nne, ondoa draiva za zamani. Tano, kama ubao mkuu ni wa miaka mingi, tazama kama kiwanda kimetoa marekebisho ya ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, kwa kuwa bao nyingine kongwe hazizijui kadi za kisasa. Lakini kazi hiyo usiifanye umeme ukiwa unacheza, kwani ukikatika katikati huenda ubao usiamke tena. Sita, soma karatasi ya kisanduku chako kabla ya kununua kadi, wala usitosheke na herufi kubwa.

Na kufuta diski kuwe ni dawa ya mwisho. Fundi anayeanza na hiyo ni kama tabibu anayekata mguu kabla ya kuuliza unauma wapi.

Sababu ya pili ya kuandika haya niliahidi kuisema. Watu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika zamani kwa kunakili misahafu kwa mkono, herufi kwa herufi. Utenzi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake umetufikia sisi kwa sababu watu waliunakili, mmoja baada ya mwingine, wino juu ya karatasi. Mama yangu aliughani utenzi huo katika kanda ya tatu. Wazee wale hawakuwa na umeme, lakini walijua jambo ambalo mimi na mpwa wangu, pamoja na gigabaiti zetu, tulilisahau: kitu kilicho mahali pamoja tu ni kitu kilichokwisha anza kupotea.

Jumapili asubuhi niliondoka Nakuru nikiwa na flashi katika mfuko wa kanzu. Nakala moja imebaki kwa mpwa wangu, nyingine kwa dada yangu Mombasa, na ya tatu ninayo mimi. Kijana fundi alipotuaga alikataa nisimwite mtaalamu. Alisema yeye hupima tu. Nami nikamtungia ubeti huu garini, tulipokuwa tukipita Gilgil, na nauacha hapa uwe kwaheri yangu kwenu:

Mgeni akija kwako, usimtupie kosa,
Anzia kwanza na lako, nyumbani ukipapasa,
Pengine chakavu chako, ndicho kilichokutesa,
Nakili hazina yako, mapema, wakati sasa.